Ulezi Uliokataa Kuamka

Katandala, Sumbawanga
Jumapili, 8 Septemba 2024

Mwanangu mpendwa Redempta,

Marahaba. Najua ukiifungua tu barua hii utasema shikamoo mama, hata kama uko peke yako chumbani, kwa hiyo nimeitikia mapema tusicheleweshane. Habari za Morogoro? Kifua kimepona? Na yule mwenzako wa chumba anayekoroma, amepata dawa au bado anasaga mahindi? Sisi huku ni wazima, ila ubaridi wa mwaka huu umegoma kuondoka, hadi leo naandika nimejifunga mablanketi mawili. Baba yako Zenon hajambo. Goti lake linauma akienda shamba na kupona akirudi, nami nimeacha kuuliza.

Utashangaa mama yako, mwenye simu ya kupangusa uliyomnunulia mwenyewe, anakuandikia kwa kalamu kama mtu wa zamani. Simu nimeijaribu. Subiri, nitafika huko.

Kwanza nikupe habari za jina lako, maana huku Katandala jina lako sasa ni kubwa kuliko la diwani. Vijana wa bodaboda wakiniona wanasema, mama wa jeni huyo, panda. Mimi sikuwafundisha. Yalianzia kwenye jumuiya, siku ile tulisali nyumbani kwa Mama Fabiani. Tulipomaliza rozari, yule mama akaona amepata nafasi. Akasema watoto wa wenzake wanasomea benki, wengine udaktari, lakini kuna binti kapelekwa chuo kikuu akasomee ulezi, ulezi ambao bibi zetu walimaliza kuusomea wakiwa na jembe mkononi. Watu wakacheka. Mimi nikaweka kikombe chini polepole. Unanijua nikiweka kikombe chini polepole.

Nikawaambia, jamani, mimi ni wa darasa la saba, lakini la saba la zamani, tulisoma kweli. Mwili wa kila kilicho hai, uwe wa mtu au wa ulezi, umejengwa kwa seli, vijumba vidogo ambavyo macho hayavioni. Kila kijumba kina kitabu kizima ndani yake, kile kile kimoja, na nyimbo zilizoandikwa humo ndizo jeni. Seli ya jicho inacho, ya ini inacho, ya unyayo inacho. Mama Fabiani akadakia, kama kitabu ni kimoja, mbona unyayo hauoni? Hapo ndipo nilipokuwa namngojea. Nikamwuliza, kitabu chetu cha nyimbo kina Aleluya? Akasema kina. Kwaresima tunaiimba? Hatuiimbi. Kwani ukurasa umechanwa? Haujachanwa. Basi, nikamwambia, Aleluya ipo imetulia, inangoja mwalimu wa kwaya aitaje namba yake. Kwenye seli kuna protini zenye kazi hiyo ya mwalimu wa kwaya. Zinakuja, zinashika mahali jeni inapoanzia, na jeni inasomwa. Nyingine kazi yake ni kuweka kiganja juu ya ukurasa usisomwe. Jicho lina walimu wake, ini lina wake, unyayo una wake, na kila mwalimu anachagua nyimbo za kwao. Unyayo hauoni kwa sababu hakuna aliyeutajia wimbo wa kuona.

Kisha Teodori, mwalimu wetu wa kwaya mwenyewe, akauliza kwa heshima: na huyo mwalimu wa ndani ya seli, yeye anatoka wapi? Nikajibu, anatoka kwenye kitabu kile kile, naye ameandikwa humo. Nilikisia tu. Nikakupigia, ukaniambia nimepatia kabisa, na kwamba swali hilo hata darasani kwenu liliwashinda watu. Nilipika wali siku hiyo. Tangu hapo Teodori anatembea kifua mbele, na wageni wakija kigangoni anajitambulisha kwamba yeye ni protini.

Babu yako mdogo Isdori naye hakubaki nyuma. Alivua kofia akauliza, kama kila seli ina kila kitu, mbona kipara chake hakina nywele? Nikamwambia wimbo wa nywele upo, mzee, walimu ndio wamestaafu. Akavaa kofia.

Mambo ya ulezi wako nayo nimeyaeleza vizuri, unaweza kunipa cheti. Nimesema mbegu ikiwa kavu iko kwenye Kwaresima yake. Ipo protini iliyoweka kiganja, inasema lala. Maji yakiingia, wanakuja walimu wengine, wanataja wimbo wa kuotesha mzizi, wanataja na wimbo wa kuyeyusha unga wa ndani uwe sukari. Hapo akina mama wote waliitikia kwa kichwa, maana nani asiyejua kwamba kimea kina utamu ambao ulezi mkavu hauna? Nikasema Redempta ana ulezi wa aina mbili. Wa kwanza ukinyeshewa leo, kesho umeamka. Wa pili mzito, unalala hata siku saba ndani ya maji, na huo ndio utakaomsaidia mkulima, kwa sababu mvua ikidanganya mara moja na kukatika, aliyeamka haraka anakufa na aliyelala anapona. Mwanangu anatafuta ni mwalimu yupi anayeweka kile kiganja, ili siku moja tupate mbegu yenye akili. Mama Fabiani akasema, kumbe. Neno moja tu, lakini kwa Mama Fabiani hiyo ni hotuba.

Basi ikaja ile Jumamosi ulipopiga simu. Tulikuwa jumuiya, safari hii kwetu, uani kumejaa. Nilipoona jina lako nikaweka spika kubwa. Nakiri, niliweka ili wasikie. Nawe ukaanza hata bila salamu, sauti inatetemeka, kwamba ulezi wa usingizi umefanya maajabu. Uliulowesha kwenye vile visahani vyako, na badala ya zote kulala, mbegu tatu katika kila kumi ziliamka siku ya kwanza. Ulezi mmoja, shamba moja, maji yale yale, lakini tatu zimeamka na saba zimelala. Ukasema profesa wako amekuja kuangalia mara mbili. Amesema huenda ile protini inaweka kiganja kwenye baadhi ya mbegu na kwenye nyingine haiweki, jambo ambalo hajawahi kuliona kwenye ulezi, na japo vipimo vya jeni zenyewe ni ghali na vitangoja, wewe uende Arusha tarehe ishirini ukalisimulie mbele ya wataalamu wa nchi nane. Kisha ukasema maneno ambayo hayajanitoka kichwani:

"Mama, mifuko yote sita ni tatu kwa kumi. Yote! Kama vile mtu amepima."

Uani walipiga vigelegele. Mama Fabiani alinikumbatia, na hajawahi kunikumbatia tangu tuhamie mtaa huu. Pale pale wakapanga misa ya shukrani, wakachagua kitenge cha sare, cha bluu chenye maua ya njano, na yeye ndiye aliyekabidhiwa kukusanya majina. Wewe ukasikia kelele, ukacheka, ukakata simu. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikicheka na watu. Upande wa pili wa ua, shangazi yako Coleta alikuwa ananitazama bila kupepesa.

Kesho yake nikakupigia. Ulivyosema haloo mama, nikakuuliza kama umekula. Ukasema umekula. Nikasema sawa, nikakata. Jumanne nikapiga tena, nikakuuliza habari za kifua. Alhamisi nikapiga mara ya tatu, nikasikia nyuma yako wenzako wanakuita mgunduzi, nikakata. Nikakutumia vocha. Vocha ile, mwanangu, haikuwa zawadi, ilikuwa woga.

Sasa kaa chini. Kama umesimama, kaa.

Unakumbuka Januari, ulipoomba shamba letu la juu kwa utafiti wako, nikaita watu kumi na wanne waje kufukia majani na kuinua matuta, maana mimi na baba yako tusingeweza peke yetu. Walilima siku tatu. Hukuweza kukaa hadi mwisho, lakini unajua deni la jembe kwetu hulipwaje. Mtu aliyekupa nguvu zake unampa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, naye anakaa anakunywa polepole kwa mrija akisema shamba lako liliendaje. Na bibi yako, marehemu mama yangu, alinifundisha kwamba pombe ya jembe hutoka kwenye tuta lile lile lililolimwa. Ukiwapikia ulezi wa kununua ni kama kuwaambia jasho lao halikuzaa kitu.

Mwaka huu hatukuwa na ulezi mwingine, maana shamba lote lilikuwa lako. Ulipovuna mwezi wa sita, ukapura, ukaujaza kwenye mifuko kumi na miwili ya karatasi na namba zake, ukaiacha chumbani, ukaniambia mama, usiiguse, nitakuambia siku ya kuituma na basi. Nami sikuigusa kwa siku tisa. Siku ya kumi Isdori akapita mlangoni akauliza kwa upole kama yale matuta yalizaa.

Nikachukua bakuli lile la bati. Kila mfuko ulijaa mabakuli kumi, nikachota matatu. Sikupendelea mfuko wowote, sita ya usingizi na sita ya kuamka, yote matatu matatu. Kisha nikaenda sokoni kwa Jenifer, nikanunua ulezi mwekundu kama wako, mzuri, hauna mchanga, nikarudishia matatu kwa matatu, nikachanganya kwa mkono hadi chini. Hata uzito uliouandika kwenye mfuko nilikwenda kuuhakikisha kwenye mizani ya duka. Ulirudi sawasawa. Nikajisifu moyoni kwamba mimi si mwizi.

Ile tatu kwa kumi uliyoistaajabia, Redempta, ni bakuli langu.

Usidhani nilifanya kwa dharau. Ulikuwa umeniambia kila seli ina kitabu kile kile, na mimi, kwa akili yangu ya kujifanya mwalimu wa mtaa mzima, nikajiambia basi hata ulezi wa Jenifer una kitabu hicho hicho, ulezi ni ulezi, profesa ataona tofauti gani. Sasa ndiyo nimeelewa kwamba kitabu kile kile ni ndani ya mwili mmoja, na kwamba ulezi na ulezi unaweza kutofautiana maneno machache tu, na ni hayo machache uliyokuwa unayatafuta. Niliwaelimisha watu arobaini jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimeelewa nusu.

Na Mungu alinionya, nikakataa kuona. Nilipolowesha ule ulezi wako ili kuotesha kimea, nusu iliota siku ya pili na nusu ikakataa. Mimi na Coleta tukaufunika na gunia, tukaunyunyizia maji, tukaupeleka karibu na jiko, wapi. Nikautukana. Nikamwambia Coleta sijawahi kuona ulezi mvivu hivi tangu nizaliwe. Tulianika ulioota, tukaungoja ule mwingine siku nane, na wanywaji walikuja mapema tukawapa chai. Utafiti wako wote ulikuwa kwenye ungo wangu, unaamka na kulala mbele ya macho yangu, nikauita uvivu.

Siku ile ya simu, watu walipoondoka, Coleta alibaki kuosha vikombe. Aliosha kimoja muda mrefu sana, kisha akaniambia:

"Wifi, mtoto atasimama Arusha kuwaelezea maprofesa pombe yetu."

Niliwaza kunyamaza. Nakwambia ukweli, kwa sababu ukweli nusu ndio uliotufikisha hapa. Niliwaza, nani atajua? Pombe imenywewa, bakuli halisemi, na mtoto anaitwa mgunduzi. Niliwaza hivyo siku tano, kitenge cha sare kikiwa kimekatwa tayari na changu kimefika kwa fundi. Ila nilikuwa nakuona umesimama mbele ya watu wa nchi nane, na siku vipimo vya jeni vitakapofanyika, mmoja wao atakuuliza huu ulezi mgeni umetoka wapi, nawe huna jibu, unatazama karatasi zako na kudhani umekosea mahali. Ungejilaumu wewe, maana mama yako hungemfikiria kabisa. Hapo ndipo iliponishinda.

Jana Jumamosi nikasimama kwenye jumuiya, baada ya sala, nikawaambia yote. Nilisema hakuna ugunduzi, kuna bakuli la bati. Nilisema mwanangu hana kosa hata moja, alipima kwa haki alichopewa, aliyempa ndiye mwongo. Wa kwanza kusema alikuwa babu yako Isdori.

"Kumbe ile tuliyokunywa ilikuwa shahada," akasema. "Ndiyo maana niliamka kichwa kinauma kama cha mwanafunzi."

Walicheka, Redempta, walicheka hadi Teodori akashika ukuta. Ni haki yao. Nimewasemesha jeni miezi mitatu, acha nao wapate siku yao. Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Fabiani alingoja watu watawanyike, akanisogelea, nikajiandaa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi ningenyamaza." Kisha akaniuliza kama misa tuifute au tuigeuze iwe ya kukuombea. Nikasema tuigeuze. Kitenge kimeshakatwa.

Sasa sikiliza la maana. Binamu yako Modesti anasafiri Jumanne, na barua hii anakupa mkononi, nimemwapisha. Pamoja nayo kuna kifurushi, usikifungue kwa haraka. Kabla hujavuna, mimi nilikuwa nimeshakata masuke ya mbegu kama ninavyofanya kila mwaka, mafungu sita kutoka upande wa juu wa njia, ambako ulipanda ulezi wa usingizi, na sita kutoka upande wa chini, nikayafunga darini juu ya jiko. Ya juu yana uzi mweupe, ya chini yana uzi mwekundu. Hayo sikuyachota, hayajapurwa, hayajakutana na Jenifer. Ila yamekaa kwenye moshi miezi mitatu, na sijui kama moshi nao una wimbo wake unaoutaja. Hilo nakuachia wewe. Safari hii sikisii.

Kuhusu Arusha, mimi si wa kukuamulia. Lakini mwambie profesa wako mapema, kabla ya tarehe ishirini, na kama atakasirika mpe namba yangu anikasirikie mimi, nimezoea kugombana na watu wakubwa, muulize baba yako. Na wewe, ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kwa simu, nitapokea, na sitakuuliza kama umekula.

Baba yako anakusalimu. Nilipomsomea barua hii alisema, ile pombe lakini, na akaenda kumwangalia ng'ombe. Shangazi Coleta anakusalimu na anasema yeye alishika ungo tu. Isdori, Teodori na Mama Fabiani wote wanakusalimu, na Mama Fabiani anaomba ukija Krismasi umweleze upya mambo ya unyayo, maana maelezo yangu ameanza kuyatilia shaka.

Mungu akulinde, akupe usingizi mzito na maamuzi mepesi. Ukiamua kusema ukweli mbele ya wale watu na wakakuuliza nani aliyechanganya ulezi, usiseme mama fulani wa kijijini. Taja jina langu kamili, nimekuandikia hapa chini kwa herufi kubwa ili lisikosewe. Na wakiuliza pombe ilikuwaje, usinitetee na usidanganye. Waambie ilikuwa nzuri.

Ni mimi mama yako,

EPIFANIA URBANO
Mama Redempta, wa Katandala